Umeumia mjengoni Mombasa: upatane na mkandarasi, udai fidia ya WIBA, au uende mahakamani?

Siku ya nne baada ya mdogo wangu kuanguka na jukwaa kwenye jengo la ghorofa huko Bamburi, nyapara alikuja nyumbani Kisauni na bahasha yenye shilingi 40,000 pamoja na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Ilikuwa Jumamosi jioni. Mguu ulikuwa kwenye plasta hadi juu ya goti, vidonge vya maumivu vilikuwa vimebaki viwili, na mwenye nyumba alikuwa ameshapita kuulizia kodi. Karatasi ilisema kwamba mwenye kutia sahihi amepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatakuwa na dai lolote tena juu ya ajali hiyo. Nyapara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa, na aliomba kwa upole karatasi itiwe sahihi ili airudishe Jumatatu asubuhi.

Aliyelala kwenye kitanda kile alikuwa na njia tatu, na ndizo nitakazozilinganisha hapa kwa ajili ya yeyote aliyefikwa na mambo kama hayo: kupatana moja kwa moja na mwajiri; kudai fidia kupitia Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, yaani njia ambayo mafundi wengi huiita WIBA, kwa kifupi cha jina la Kiingereza la sheria yake; au kumshtaki mahakamani mtu mwingine aliyesababisha ajali. Ni vyema kufahamu mapema kwamba njia hizi hazitengani kabisa. Mbili kati yake zinaweza kufuatwa pamoja, na moja, ikifanywa kwa pupa, inaweza kuzivuruga zote.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeipima kila njia kwa maswali yale yale. Nani anadaiwa, na mdai anatakiwa kuthibitisha nini? Fedha gani zinaweza kupatikana, na zinahesabiwa vipi? Inachukua muda gani, na haki yenyewe hupotea lini? Gharama zake ni zipi, na hatari iko wapi? Mwisho, njia hiyo inamfaa mtu wa namna gani? Aliyeumia mara nyingi huuliza swali la fedha kwanza, na hilo linaeleweka. Hata hivyo, jibu lake hutegemea swali la nani anadaiwa, na kwenye mijengo ya Mombasa swali hilo si jepesi hata kidogo.

Kwanza, mwajiri wako alikuwa nani?

Kwenye jengo moja la Nyali au Kizingo unaweza kumkuta mwenye jengo, mkandarasi mkuu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kibao cha langoni, wakandarasi wadogo wa umeme, mabomba na alumini, na chini yao mafundi wanaokuja na vibarua wao wenyewe. Saidia fundi anayebeba zege huenda hajawahi kumwona mkandarasi mkuu, kwa kuwa anamjua nyapara tu, na analipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa kutoka nambari ya simu ya mtu binafsi.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo ndiyo WIBA, humtambua mfanyakazi kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba, na mkataba wa kazi nchini Kenya unaweza kuwa wa mdomo. Kibarua wa siku, kwa hiyo, hakosi haki kwa sababu tu hakupewa barua. Anachokosa mara nyingi ni ushahidi. Mdogo wangu aliokolewa na mambo mawili. Kwanza, ujumbe wa M-Pesa wa Jumamosi tisa mfululizo, uliotoka nambari ile ile, ulikuwa bado kwenye simu yake. Pili, mwashi mwenzake alikwenda akapiga picha ukurasa wa daftari la nyapara, lile la mistari lenye majina yaliyoandikwa kwa penseli na alama ya tiki kwa kila siku, kabla ukurasa haujachanwa. Picha hiyo ilionyesha jina lake na tarehe ya siku ya ajali. Ukiwa na jamaa aliyeumia leo, mtume mtu akafanye hivyo kabla hujasoma zaidi.

Hali ni tofauti kwa fundi aliyechukua kazi ya mkataba, yaani aliyekubaliana bei ya kupiga lipu nyumba nzima kisha akaja na watu wake. Huyo anaweza kuhesabiwa kuwa mkandarasi anayejitegemea, na mlango wa WIBA kwake ukawa mgumu au umefungwa. Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, na linanisikitisha kila ninapolisikia, ni kwamba fundi huyo huyo anaweza kuwa mwajiri wa vibarua wake mbele ya sheria, na mmoja wao akivunjika mgongo, yeye ndiye atakayedaiwa.

Njia yoyote utakayoichagua, ajali inapaswa kuripotiwa kwa mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, na maandishi ndiyo bora. Mwajiri naye anatakiwa kuiarifu Kurugenzi ndani ya siku 7 tangu apate habari, na ndani ya saa 24 iwapo mtu amefariki. Hospitalini, iwe ni Hospitali Kuu ya Pwani kule Makadara au zahanati ya mtaani, mwambie daktari waziwazi kwamba umeumia kazini na uhakikishe ameandika hivyo. Maandishi yanayosema "alianguka", bila kutaja wapi, huja kuleta mabishano miezi sita baadaye.

Njia ya kwanza: kupatana moja kwa moja na mwajiri

*Anayedaiwa na uthibitisho.* Anadaiwa mwajiri mwenyewe, na hakuna kinachohitaji kuthibitishwa mbele ya afisa yeyote. Pande mbili hukaa, mara nyingine pamoja na wazee au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na kukubaliana kiasi. Kwa watu wa Pwani kusuluhishana si jambo geni wala la aibu, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zihimize upatanisho.

*Fedha.* Kiasi hutegemea nguvu ya kila upande kwenye mazungumzo, na aliyelala kitandani bila kodi hana nguvu nyingi. Mwajiri mwema anaweza kulipa hospitali yote, kuendelea kutoa ujira wakati wa kuuguza, na kumpa mfanyakazi kazi nyepesi ya stoo au ya kuandika mizigo langoni anaporudi. Jambo hili la mwisho halipatikani kwa urahisi kwenye njia nyingine yoyote, na lina thamani kubwa kwa mtu mwenye watoto shuleni. Mwajiri mwingine hutoa fedha za wiki mbili na kuzima simu.

*Muda.* Ndiyo njia ya haraka kuliko zote, kwani fedha zinaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Lakini wakati unaopita mkizungumza haukusimamishii saa ya sheria. Miezi 12 ya kudai kupitia Kurugenzi inaendelea kuhesabiwa huku ukiambiwa uje wiki ijayo, na nimewaona watu wakizungushwa kwa adabu hadi muda ukawaishia.

*Gharama na hatari.* Gharama ni ndogo sana. Hatari iko kwenye kutia sahihi kabla ya kujua ukubwa wa jeraha. Siku ya nne hakuna daktari anayeweza kusema kama kifundo cha mguu kitapona kabisa au kitabaki na ulemavu wa kudumu, na hesabu kubwa ya fidia inategemea jibu hilo tu. WIBA hairuhusu mfanyakazi kuziacha haki zake kwa makubaliano, na makubaliano ya namna hiyo ni batili, lakini kuibatilisha karatasi uliyoitia sahihi mwenyewe ni mzigo ambao hukuwa na haja ya kuubeba.

*Inamfaa nani?* Inamfaa mtu mwenye jeraha dogo lililopona kabisa, ambaye mwajiri wake amelipa matibabu na ujira wa siku alizokosa, na ambaye uhusiano wa kazi ni muhimu kwake kuliko mvutano. Inamfaa pia mtu ambaye kiwango chake cha ulemavu kimeshapimwa na kuandikwa, kwa sababu hapo pande zote mbili zinajua zinazungumzia nini.

Njia ya pili: fidia ya WIBA kupitia Kurugenzi

*Anayedaiwa na uthibitisho.* Anadaiwa mwajiri, na nyuma yake kampuni ya bima, kwa kuwa sheria inamlazimu kila mwajiri kuwa na bima ya majeraha ya kazini. Asipokuwa na bima ametenda kosa, na deni linabaki lake mwenyewe. Ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba huhitaji kuthibitisha kuwa mwajiri alizembea. Unachothibitisha ni kwamba ulikuwa mfanyakazi, kwamba ajali ilitokea ukiwa kazini au kwa sababu ya kazi, na kwamba umeumia kwa kiasi fulani. Hata safari huweza kuhesabiwa: vibarua wanaochukuliwa bure kwa lori la kampuni kutoka Mtwapa hadi mjengoni wanahesabiwa kuwa kazini wakiwa ndani ya lori hilo.

Watu wengi hukata tamaa kwa kuambiwa, "Hukuvaa kofia, huna haki." Hilo si sahihi lilivyosemwa. Sheria ilivyoandikwa humnyima fidia mtu aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi, na hata huyo hanyimwi iwapo ameumia vibaya au amefariki. Kusahau kofia, au kutopewa kofia kabisa, ni jambo jingine.

*Fedha.* Hapa pana mafungu manne. La kwanza ni matibabu: hospitali, upasuaji, dawa, usafiri wa kwenda kutibiwa, na viungo bandia pale vinapohitajika. La pili ni malipo ya wakati ambapo huwezi kufanya kazi, ambayo hulingana na ujira wako iwapo umekaa nje kwa siku 3 au zaidi. La tatu ni ulemavu wa kudumu, unaohesabiwa kwa msingi wa ujira wa miezi 96 ukizidishwa kwa asilimia ya ulemavu. La nne ni la wategemezi na gharama za mazishi, mfanyakazi akifariki.

Tuchukue mfano ili hesabu ionekane. Mwashi anayelipwa shilingi 1,200 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi anapata shilingi 31,200. Miezi 96 ni shilingi 2,995,200. Ulemavu wake ukipimwa kuwa asilimia 20, fungu hilo la tatu ni shilingi 599,040. Akiwa amekaa nyumbani miezi 3, fungu la pili ni shilingi 93,600 nyingine. Saidia fundi wa shilingi 700 kwa siku, mwenye jeraha lile lile na asilimia ile ile, fungu lake la ulemavu ni shilingi 349,440. Sasa zilinganishe namba hizo na shilingi 40,000 zilizokuwa kwenye bahasha. Ona pia kwamba mwajiri akiandika ujira wa shilingi 700 badala ya 1,200 kwenye fomu, ameshaondoa karibu shilingi 250,000 bila kugombana na mtu. Ndiyo maana ujumbe wa M-Pesa una thamani ya risiti.

Kisichopatikana kwenye njia hii ni fidia ya maumivu na mateso. Jedwali la sheria hupima kiungo na ujira. Halipimi usiku ambao hukulala.

*Muda.* Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Fomu ya kuanzia ni DOSH/WIBA 1, ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na daktari akajaza sehemu inayoeleza jeraha na asilimia ya ulemavu. Mwajiri akikataa kuijaza, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Kurugenzi ya Mombasa na ushahidi wako, kwa sababu Kurugenzi ina mamlaka ya kuchunguza ajali. Baada ya tathmini, Mkurugenzi humwandikia mwajiri kumtaka alipe, na sheria inampa mwajiri au bima yake siku 90 za kulipa. Fedha zikimfikia Mkurugenzi, anatakiwa kumkabidhi mfanyakazi ndani ya siku 30.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na baada ya jibu hilo kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa.

*Gharama na hatari.* Huhitaji wakili ili kuanza, na hilo ni jambo kubwa kwa kibarua. Gharama ni za nauli, nakala na ripoti za daktari. Jiandae pia kwa uwezekano wa mwajiri au bima yake kutaka upimwe na daktari wa pili, na asilimia 20 ikageuka 8. Udhaifu mkubwa uko mwishoni: mwajiri akikaidi kulipa baada ya tathmini, sheria yenyewe haikueleza waziwazi namna ya kuikazia tathmini hiyo. Wadai wamekuwa wakienda kwenye Mahakama ya Ajira kuomba ipitishwe kama hukumu, na maamuzi ya majaji juu ya maombi hayo hayakuwa na kauli moja. Hapo ndipo wakili anapohitajika hata kwenye njia hii.

*Inamfaa nani?* Inamfaa aliyeajiriwa, hata kwa mdomo, na kubaki na ulemavu wowote wa kudumu au kukaa muda mrefu bila kazi. Inamfaa hasa yule ambaye hawezi kueleza nani alizembea, au ambaye anajua moyoni kwamba yeye mwenyewe alichangia ajali.

Njia ya tatu: kesi ya madai mahakamani

Lazima nianze na jambo linalowapotosha watu wengi. Wazee wa mjengo wanakumbuka wenzao waliomshtaki mwajiri moja kwa moja kwa uzembe na kulipwa vizuri, na hawasemi uongo. WIBA ilipotungwa, kifungu chake cha 16 kilizuia kesi za namna hiyo dhidi ya mwajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu kadhaa vya sheria hiyo kuwa vinakiuka Katiba, na kesi zikaendelea. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliutengua kwa sehemu kubwa uamuzi huo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Chama cha Mawakili dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ikathibitisha kwamba vifungu hivyo ni halali. Tangu hapo, dai jipya la mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake kwa jeraha la kazini huanza kwa Mkurugenzi, na mahakama huja kwa njia ya rufaa. Mtu akikuahidi leo kumshtaki mwajiri wako moja kwa moja kwa uzembe, muulize kwanza atakipitaje kifungu cha 16.

*Anayedaiwa na uthibitisho.* Anayeshtakiwa basi ni mtu mwingine asiyekuwa mwajiri wako: mkandarasi mkuu, iwapo wewe uliajiriwa na mkandarasi mdogo, mwenye winchi au lori la zege la kampuni nyingine, aliyekodisha jukwaa bovu, au mwenye jengo mwenye usimamizi wa eneo. Hapa uzembe lazima uthibitishwe. Sheria ya Wajibu wa Wamiliki na Wakaaji wa Majengo humtaka mwenye kusimamia eneo awalinde kwa uangalifu wa kawaida watu wanaoingia kwa ruhusa, na kanuni za mwaka 1984 za kazi za ujenzi zinaeleza namna majukwaa, ngazi na mashimo yanavyopaswa kuwekwa. Picha inayoonyesha maboriti ya mikoko yamefungwa kwa kamba iliyochakaa, bila mbao za pembeni za kuzuia mtu kuanguka, husema mengi kuliko ushahidi wa mdomo. Tatizo ni kwamba jukwaa lililoua au kuvunja mtu hufunguliwa na kufungwa upya kabla ya jioni.

*Fedha.* Hii ndiyo njia inayoweza kutoa fidia ya maumivu na mateso, pamoja na hasara ya kipato cha baadaye na gharama zote zenye risiti. Gharama zisizo na risiti huanguka. Mahakama ikiona nawe ulichangia, itakata sehemu, na sehemu hiyo inaweza kuwa kubwa. Uliyelipwa fidia ya WIBA kwa ajali hiyo hiyo hukatazwi kumshtaki mtu wa tatu, ila mahakama itazingatia ulicholipwa, na mwajiri aliyelipa anaweza kudai kurudishiwa kutoka kwa huyo aliyesababisha.

*Muda.* Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, ndani ya miezi 12. Kesi za kawaida zinaweza kuchukua miaka. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya mwaka 2016 inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Madai makubwa zaidi huenda kwa mahakimu, ambapo hakimu mkuu husikiliza hadi shilingi milioni 20.

*Gharama na hatari.* Anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake. Kuna ada za mahakama, ripoti za madaktari na ada ya wakili. Jihadhari na madalali wanaozunguka wodini wakisema hulipi chochote hadi ushinde, kisha wakili atakata nusu. Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya kumlipa wakili kwa sharti la ushindi peke yake. Taka ada iandikwe, na ubaki na nakala. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Usaidizi wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au kwa Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa.

*Inamfaa nani?* Aliyeumia sana kwa kosa la mtu asiyekuwa mwajiri wake, mwenye mashahidi na picha, na mwenye jamaa wa kumsaidia kuishi wakati kesi inaendelea. Kwa mpita njia aliyeangukiwa na jiwe kutoka ghorofani, au mama wa chakula aliyeingia kuwauzia mafundi chapati, hii ndiyo njia ya kisheria iliyo wazi, kwa sababu hao hawakuwa waajiriwa wa mtu yeyote pale.

Uamuzi kulingana na hali yako

Ikiwa umepona ndani ya wiki chache bila ulemavu, na mwajiri amelipa hospitali na siku zako, kupatana kunatosha, ila hakikisha ajali imeripotiwa na umebaki na nakala ya kila karatasi. Maumivu yakirudi baadaye, ripoti hiyo itakufaa.

Ikiwa jeraha ni kubwa na mwajiri ni mmoja tu, anza WIBA bila kuchelewa. Unaweza kuendelea kuzungumza naye kwa wema, na kupokea anachotoa cha chakula na dawa, mradi stakabadhi iseme hivyo. Ndivyo tulivyofanya sisi. Tulimrudishia nyapara karatasi yake bila sahihi, tukaandika nyingine kwa Kiswahili kwamba shilingi 40,000 ni malipo ya awali ya matibabu na matumizi ya nyumbani, yasiyofuta dai la fidia. Alimpigia simu aliyemtuma, wakazungumza kwa dakika kadhaa nje ya mlango, akarudi akatia sahihi yake chini ya ile ya mdogo wangu.

Ikiwa uliajiriwa na mkandarasi mdogo lakini jukwaa, winchi au shimo lilikuwa la mwingine, fuata njia mbili kwa pamoja: WIBA kwa mwajiri wako, na ushauri wa wakili kuhusu huyo mwingine. Usisubiri ya kwanza iishe ndipo uanze ya pili, kwani mashahidi wa mjengo huhama. Leo wako Bamburi, mwezi ujao wako Diani au Lamu, na nambari zao za simu hubadilika.

Ikiwa wewe ni fundi wa kazi ya mkataba, muone wakili kwanza akusaidie kujua kama mbele ya sheria ulikuwa mwajiriwa au mkandarasi, kwa kuwa jina mliloyapa makubaliano yenu si lazima liwe neno la mwisho. Ikiwa aliyeumia amefariki, wategemezi wadai kwa mwajiri kupitia Kurugenzi, na waulize pia kuhusu kesi dhidi ya mtu wa tatu kama yupo. Wasikubali fedha za mazishi ziandikwe kuwa fidia ya mwisho.

Ikiwa wenzako bado wanapanda jukwaa lile lile, iarifu Kurugenzi ije ikague, iwe unadai fidia au hudai. Malalamiko hayo hayakupi fedha, lakini wakaguzi wana mamlaka ya kusimamisha kazi penye hatari, na ripoti yao inaweza kukusaidia baadaye.

Na ikiwa uliumia miezi 10 au 11 iliyopita, na tangu hapo umekuwa ukiambiwa uvumilie kidogo, usipige simu nyingine kwa mkandarasi. Chukua kitambulisho, karatasi za hospitali na ile simu yenye ujumbe wa malipo, uende ofisi ya Kurugenzi kesho asubuhi, na usiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.